Friji ya Mume Wangu na Kiti cha Mama Mkwe

Wakubwa zangu shikamooni, na wa rika langu poleni na kilimo. Mimi ni mama wa miaka ishirini na minane. Nimezaliwa Nyanungu, nikaolewa huku upande wa Ikoma, na tumejaliwa watoto. Nimemwomba mwenye ukurasa huu afiche jina langu, kwa sababu gazeti hili linafika mpaka hotelini anakofanya kazi mume wangu. Hata Robi nitakayemtaja, si jina la kweli la mtoto wangu.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa tuliacha mji wetu wa zamani na kila kitu nilichokuwa nimekijenga kwa mikono yangu. Mume wangu anasafisha vyumba kwenye hoteli ya watalii na huja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumba mpya tuliikandika mimi na mama mkwe wangu. Yeye ni mjane, miguu inamvimba, hawezi kukaa chini. Nikamjengea kiti cha udongo kilichoshikana na ukuta wa sebule, chenye mgongo na mahali pa kuegemeza mkono. Kisha nikapaka kuta: udongo mwekundu chini, mweupe juu, na katikati mistari ya majivu na masizi, kama mama yangu mzazi alivyonifundisha. Wanawake wa mstari wetu wa nyumba wakawa wanakuja kutazama, wengine wakaniita nikawapakie na wao. Mama mkwe akasema sasa ndiyo amehama, maana moyo wake ulikuwa bado kule tulikotoka.

Mwezi mmoja mume wangu akaja na friji juu ya lori. Alipewa na Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Ni ile ya mafuta ya taa, ina utambi chini na bomba la moshi nyuma. Sikatai, nilifurahi sana, nikajua sasa nyama itakaa. Lakini aliingia sebuleni, akazungusha macho, akasema itakaa pale penye kiti cha mama, maana ndipo mtu anapotazama akiingia. Nikamwomba tuiweke upande wa jiko. Akasema kitu kama hicho hakifichwi. Akachukua jembe akavunja kiti, mama amesimama anatazama.

Tangu hapo friji ikakaa sebuleni kama mgeni wa heshima, na kitambaa nilichofuma mwenyewe juu yake. Mafuta ya taa ni ya shida kwenye duka la ushirika, na yakipatikana yanakwenda kwenye friji, watoto wanakula gizani. Nyama alikataza, eti itanuka wageni wakija, kwa hiyo tunapoza maji tu. Moshi ukaharibu ukuta wangu wote wa upande ule. Mama mkwe akahamia jikoni kwenye kigoda kifupi, akitaka kuinuka mpaka tumvute. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nikawaza, nikaona vitu hivi si lazima vigombane. Mume aliporudi kazini, niliita wanawake wenzangu tukaisogeza friji kwenye kona. Nikaijengea ukuta mfupi wa udongo kila upande, nikaacha nafasi nyuma ipumue, na moshi nikautoa nje kwa bomba la mabati ya debe. Ukuta mmoja nikaurefusha ukawa kiti kipya cha mama. Mistari nikaianzia ukutani, nikaipitisha pembeni mwa friji mpaka kwenye kiti, ukiingia unaona kitu kimoja. Moshi ukaisha ndani. Mama akakaa, akaegemea, akafungua friji bila kunyanyuka, akajichukulia maji. Alicheka mpaka akajifuta machozi.

Mume wangu alirudi na mwenzake wa kazini, amemleta makusudi aone friji. Yule mgeni akasifu, akasema hata hotelini hajaona sebule ya namna hii. Nadhani sifa hiyo ndiyo iliyomchoma mume wangu, kwa sababu haikuwa yake. Mgeni alipoondoka akaniambia, "Umeikandika friji yangu matope kama kihenge cha mtama."

Nikamjibu, "Baba Robi, mama hakuwa na pa kukaa."

"Mama anaweza kukaa popote. Nitakayechekwa ni mimi."

Mama alikuwa pale pale, anasikia.

Asubuhi akabomoa vyote. Mama akafunga nguo zake akaenda kwa mwanawe mdogo, akisema hataki kuwa sababu ya ugomvi. Nimemfuata, amekataa kurudi mpaka mume wangu amwite mwenyewe. Mume wangu hamwiti. Wazee wa ukoo wameniambia nyumba ni ya mume. Mwenyekiti wa kijiji yeye ameniuliza kwa nini mtu mmoja awe na friji na zahanati haina, nikaona hapo naanzisha vita nyingine, nikaaga. Nikaenda Nyanungu kwa baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanikumbusha kwamba ng'ombe wa mahari yangu ndio waliotumika kumwolea kaka yangu mke. Nikiondoka kwa mume, watadaiwa warudi, na ndoa ya kaka itavunjika. Na wifi yangu ni mjamzito.

Sasa mume wangu ameleta gunia la chokaa. Anataka kuta zote ziwe nyeupe kama vyumba anavyosafisha, na nizipake mimi kabla hajarudi. Alisema, "Nikikuta mistari yako, nitajua umechagua kwenda kwenu."

Jirani yangu anasema ni rangi tu, nipake nipate amani. Huenda. Lakini mama akisikia nimepaka, atajua hata mimi nimekubali akae popote.

Ndugu wasomaji, hasa mnaoishi na wakwe zenu, semeni nami. Nipake chokaa ili ndoa ya kaka yangu ipone? Au nikamlete mama, nimjengee kiti tena, mume wangu aje atukute tumekaa sote wawili? Mwezi unakaribia kuisha, na gunia bado sijalifungua.