Mama Norah Ahamia Umoja kwa Kadi ya Kaloleni

Kavutha nilimjua kwa karai. Mwaka wa 1980 nilikuwa na meza sokoni Gikomba, nauza sufuria na makarai, akaja mama mmoja wa Kikamba, mfupi, leso kiunoni. Akalishika karai akaligonga kwa ukucha.

"Ngapi hii?"

"Thelathini, mama."

"Thelathini? Kwani unaniuzia na makaa ndani?"

Alinishusha mpaka ishirini na mbili. Huku akihesabu sarafu akaniambia kazi ya karai lenyewe: kila alfajiri alikaanga maandazi mlangoni kwake Kaloleni, watu wa reli wakinunua wakipita. Kisha alivuka reli kwa miguu kwenda Industrial Area, kupika chai katika kantini ya kiwanda.

Nikashika neno moja tu: Kaloleni. Mimi nilikaa Umoja, mbali na soko, vyumba viwili, choo ndani, nyumba ya Baraza la Jiji niliyokuwa nikiilipia kidogo kidogo mpaka iwe yangu. Nyumba haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa nauli. Mimi na mke wangu Waridi tulitoa shilingi sita kwa siku, na utingo akiona furushi la sufuria analitoza nauli pia. Kutoka Kaloleni ningetembea.

Siku zile watu walibadilishana nyumba kimyakimya, funguo kwa funguo. Ofisini kadi ya kodi ilibaki na jina lile lile, na ukilipa kwa wakati hakuna aliyeuliza. Jumapili moja nikaenda kwake. Bintiye Norah alikuwa anangoja kuingia kidato cha kwanza, na karo ya Januari haikuwepo. Hilo alikuwa ameniambia mezani kwangu, ndiyo maana nilikwenda mwezi ule.

"Mama Norah, hapa chumba kimoja, choo mnapanga foleni. Kwangu viwili, maji ndani. Kimoja unapangisha. Unangoja nini?"

"Nangoja uniambie unakimbia nini, Baba Muhiba. Mtu hatoi viwili achukue kimoja kwa mapenzi."

"Nakimbia nauli."

"Aa! Kwa hivyo nauli ndiyo unaniletea mimi nilee?"

Akacheka, akanimiminia chai. Sharti lake lilikuwa moja: kila mtu alipe kadi yenye jina lake. Yangu ilikuwa mia mbili na ishirini kwa mwezi, yake sitini. Nilijifanya naumia, lakini nilitaka hivyo hivyo, maana nyumba yenye jina langu sikutaka mkono mwingine uilipie.

Njiani nilimpigia hesabu yake. Nauli shilingi tatu kwa siku. Faida ya maandazi tano, nayo angeiacha Kaloleni, kwa sababu Umoja watu wanakimbilia steji, hawasimami mlangoni kwa mtu. Kwa siku ishirini na sita za kazi, hizo ni mia mbili na nane. Chumba angekipangisha mia na hamsini. Kila mwezi angepoteza hamsini na nane.

Sikumwambia. Kazi ya muuzaji si kumhesabia mnunuzi.

Tulihama Novemba. Asubuhi ya kwanza watu wa reli walitubishia mlango wakitaka maandazi, na kufikia Jumatatu Waridi alikuwa na karai motoni. Kavutha naye alipata mpangaji, karani aitwaye Thuo. Kila asubuhi basi lilimshusha Kavutha hapo hapo Kaloleni, akapita mbele ya mlango wake wa zamani akielekea kazini.

Machi nikashindwa kujizuia.

"Mama Norah, hesabu inaingiana kweli?"

"Hamsini na nane kwa mwezi. Ulidhani sikuiona? Niliiona kabla hujamaliza chai yangu."

"Na ukakubali?"

"Pesa ya maandazi inaingia sumni, inatoka sumni. Jioni imekuwa sukari, imekuwa mafuta ya taa. Miaka sita nimekaanga, nionyeshe mia moja. Thuo ananipa noti tarehe tatu, tarehe nne ziko shule. Hiyo hamsini na nane naitoa tumboni. Nyama tumeiacha."

Akanunua andazi moja kwa Waridi, akalikagua.

"Mke wako anabana iliki," akasema, akaenda zake.

Norah alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1984, karo yote imelipwa. Mamake alisimama ndani ya basi miaka minne, miguu ikavimba, na mara mbili alikatwa mshahara kwa kuchelewa. Chai ya kiwanda anapika bado.

Mimi nauli niliiokoa, na nyumba ya Umoja ina jina langu. Maandazi, kwa hesabu yangu, yalituletea zaidi ya elfu sita katika miaka hiyo. Nilimuuliza Waridi ziko wapi.

"Wewe umekuwa ukila nini?" akaniuliza.