Wariara, Mwalimu wa Uji

Mwaka wa 1954, kwenye shamba la mzungu mmoja karibu na Njoro, Wariara alikuwa akifundisha wake za vibarua kupika. Yeye mwenyewe alifunzwa misheni. Aliona watoto wakivimba miguu na nywele zikigeuka nyekundu kwa kulishwa ugali mtupu, akaanza kuomba yale maziwa yaliyotolewa krimu, ambayo shambani walimwagiwa nguruwe.

"Unga unashibisha, lakini haumjengi mtoto," aliwaambia wamama. "Ponda maharagwe, tia mchicha wa terere, mimina maziwa."

Alasiri moja nyapara wa shamba, Gachanja, alifika na askari wawili. Akaitazama ile sufuria kubwa.

"Chakula chote hiki cha nani? Unapikia waasi wa msituni?"

"Ni cha watoto, mzee. Si hawa hapa?"

Gachanja akaipiga sufuria teke. Maharagwe yaliyokuwa yakichemka yakawamwagikia wamama miguuni, wakapiga mayowe. Wariara alipoinama kumwokoa mtoto wa jirani yake Chepkemei, rungu la nyapara likamshukia mkononi. Mfupa ukalia kama kuni kavu. Likashuka tena, safari hii mdomoni, akatema meno na damu.

Chepkemei, mwanamke mpole ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akigomba, alichomoa ukuni unaowaka akamchapa nao nyapara usoni. Askari wakamwangusha, wakamkanyaga mbavu mpaka akazimia.

Wariara alishukiwa kuwalisha waasi, akatiwa kizuizini bila kesi. Alipoachiliwa, mkono wake wa kulia ulikuwa umeunga vibaya, umepinda. Akamkuta Chepkemei sasa ndiye anayewafundisha wenzake, akishika ubavu kila anapoinama motoni.

Wakati huo Gachanja alikuwa amekwisha kukatwakatwa kwa mapanga njiani, na mjane wake, Njoki, hakuwa na wa kumlisha. Siku moja akaja darasani, mgongoni amebeba mtoto aliyevimba miguu. Wamama wakainuka.

"Mke wa mbwa! Toka!"

Baadaye Wariara alisema kwamba saa ile alitamani kumpiga yule mama mpaka aanguke. Badala yake akanyoosha mkono mzima.

"Mtoto nipe. Wewe kaa nje."

Akampakata, akamlisha uji kidogo kidogo. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, na wamama wakamrushia Njoki matope. Wariara aliwaona, wala hakuwakataza.