Dresa wa Kondoa na Ubavu wa Kumi na Tatu

Ukungu haujaondoka kwenye vilima vya Kondoa, na Silvano tayari amesimama machinjioni, mikono nyuma, shingo mbele. Mbele yake ananing'inia beberu aliyekwisha kuchunwa. Anazitazama mbavu moja moja, midomo ikicheza.

"Bwana Dresa," anamwita Mzee Hasani, mchinjaji, huku akinoa kisu, "hata leo ni kumi na tatu. Haziongezeki kwa kutazamwa."

"Najua, Mzee. Nazitazama ili nizisahau."

Watu wanaangua kicheko. Kondoa nzima inaijua habari hiyo.

Silvano ana miaka ishirini na sita. Ni dresa katika zahanati ndogo ya Serikali ya Wenyeji huko vilimani. Anaosha vidonda, anafunga bandeji, anagawa kwinini, na mwisho wa mwezi anapokea shilingi sabini. Anachokitaka ni nafasi ya kusomea uganga msaidizi wa hospitali. Mlango wa masomo hayo ni mtihani mmoja unaofanyika Dodoma, na dresa huruhusiwa kuujaribu mara mbili tu. Mwaka jana alianguka. Mara ya pili, ambayo ndiyo ya mwisho, ni Jumatatu ijayo.

Alianguka vipi? Kitabu cha mwili wa binadamu alichoazimwa kilikuwa kimeliwa na mchwa. Kurasa za mifupa na tumbo zilikuwa vumbi tupu. Silvano akaona asikae bure. Kwa miezi minane alishuka machinjioni, na Mzee Hasani akamfundisha kwa ncha ya kisu: huu moyo, una vyumba vinne, hili ini, huu mrija wa pumzi.

Swali la moyo alilijibu vizuri. Alipofika kwenye mbavu akaandika jozi kumi na tatu, na binadamu maskini akampa matumbo manne.

"Msahihishaji aliandika kwa wino mwekundu," anasimulia, "kwamba mtahiniwa huyu anamfahamu mbuzi vizuri sana." Anacheka, kisha kicheko kinakatika. "Nilirudi juu ya lori la mtama, nikaomba lisifike."

Mkewe, Yudith, wakati huo alikuwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza. Hakumlaumu, hakumbembeleza. Alimshika mkono akauweka ubavuni mwake.

"Kitabu si hiki hapa?" akamwambia. "Hesabu."

Tangu siku hiyo Silvano huhesabu mbavu za kila anayekubali: wazee waliokonda, wachunga ng'ombe, hata karani wa baraza. Jozi kumi na mbili, kila mara.

Kisha, mwezi wa pili mwaka huu, mvua zikiwa zimepamba moto, mama mmoja wa vilimani, Mwamvua, alimleta bintiye wa miaka miwili, anakohoa na mwili unawaka. Zamani Silvano angempa kwinini na kumwambia arudi kesho. Safari hii aliweka kidole kwenye ubavu wa juu, akaanza kushuka.

"Mbona unamhesabu mwanangu kama mbuzi wa mnadani?" Mwamvua akafoka.

Silvano aliendelea kushuka na kidole. Kila mtoto alipovuta pumzi, nyama ya chini ya mbavu ilibonyea ndani. Akatoa saa, akahesabu pumzi: sitini na nne kwa dakika moja. Hakungoja kesho. Alimfunga mtoto mgongoni kwake, wakateremka kwenye matope kwa saa tatu, yeye na mama mtu, mpaka hospitali ya Kondoa.

Kilikuwa kichomi, ugonjwa wa mapafu. Mtoto alipigwa sindano za penisilini, na siku ya nne akalilia uji.

"Mbuzi wa Mzee Hasani hapumui," anasema Silvano taratibu. "Nilisoma mbavu zilizokufa. Kama nisingekosea, nisingeweka mkono kwenye zilizo hai. Kabla ya huyu walikuja wengine wakihema hivyo hivyo. Niliwapa kwinini. Mmoja hakurudi. Ndiyo sababu nataka kusoma, si kwa ajili ya koti jeupe."

Mwamvua ameleta kuku wa safari, na ulimi wake haujapoa. "Akifaulu atatukimbia miaka mitatu, na mimi nimeshamzoea," anasema. "Lakini aende. Watoto wa huku wanataka mtu anayejua anahesabu nini."

Silvano mwenyewe ameshaomba kwamba, akihitimu, arudishwe vilimani hukohuko. Jumapili atapanda lori la Dodoma. Mzee Hasani amemfungia ini kwenye jani la mgomba na kumpa wosia mmoja: "Ukifaulu usiwafiche. Waambie mwalimu wako alikuwa na pembe."

Jioni, mtoto Sila, mwenye miezi kumi sasa, amelala chali mkekani. Amenona, mbavu zake hazionekani, lazima zitafutwe. Baba yake anapitisha kidole polepole, moja, mbili, tatu. Mtoto anajikunja, anapiga mateke, anacheka mpaka kwikwi.

"Ngapi?" anauliza Yudith kutoka jikoni.

"Ameniharibia kwenye ubavu wa tisa."

"Basi anza upya, Baba Sila. Una mpaka Jumatatu."