Mkono wa Mama

Juma lililopita, huku ughaibuni ninakoishi sasa, Granville, niliketi nyuma ya mjukuu wangu katika mkutano wa tawi la chama chake. Nilimwona akiinua mkono kuliafiki azimio la haki ya mwanamke kuamua juu ya uzazi wake, nikamkumbuka mama yangu.

Ilikuwa alasiri, Tanga, nami mtoto wa shule, katika ofisi ya tawi la chama iliyonukia wino na vikuba vya asumini walivyovaa kina mama. Walidai zahanati iwape dawa za kupanga uzazi bila barua ya mume. Jirani yetu Bi Zuhura aliikosa barua hiyo, akanyimwa dawa, akafariki akijifungua mtoto wa nane. Hayo niliyaelewa baadaye.

Mwenyekiti alipowaita wanaoafiki, mama aliinua mkono, akabaki peke yake. Shuleni kwetu aliyeinua mkono aliomba kwenda chooni. Nilimhurumia, nikasema kwa sauti, "Mama, twende tu chooni, usimngoje huyu!"

Wanawake walicheka mpaka mabenchi yakalia.

"Mwanao anataka utoke, Bi Mwanasha," alisema mwenyekiti.

"Hatoki mtu hapa," alijibu mama, mkono ungali juu, "mpaka muandike."

Kicheko kiliwaondolea wenzake woga. Mikono ikainuka, mmoja baada ya mwingine. Kuhusu iwapo wakubwa wa chama walikubali, nimesikia mengi, na ya kusikia siyaandiki. Niliyoyaona ni kalamu ya katibu ikienda, na mkono wa mama, ambao haukushuka mpaka kalamu iliposimama.