Moto Imekufa?

Nikinusa plastiki ya waya ikiungua, namkumbuka mjomba kule Koboko akivuta umeme hadi banda la bustanini, vifaranga vya mkewe visife kwa baridi. Alijiita fundi kwa sababu babu yake alikuwa askari, kana kwamba umeme hupiga saluti.

Kwetu umeme nao huitwa moto. Mjomba hakujisumbua kwenda kuangalia swichi, alipaza sauti tu kutoka bandani: "Mama watoto, moto imekufa?"

Mkewe alikuwa jikoni akipuliza kuni mbichi. "Imekufa kabisa, mzee!"

Mjomba akashika waya, akarushwa hadi kwenye mihogo.

Wazee wakakaa, wakaamua kosa ni la mwanamke. Akapiga magoti kumwomba mumewe radhi, huku vifaranga vikifa kimoja kimoja.