"Too" ya Mama

Enzi zetu, sisi watoto wa Isevya pale Tabora, Azimio likiwa bado bichi, Kiingereza tulikitafuna kwa hamu kama michembe ya viazi. Asubuhi tulipalilia shamba la shule mpaka viganja vikatoka malengelenge, jioni tulicheza rede kwa mpira wa matambara, na katikati ya hapo ndipo tulipokutana na Kiingereza. Mwalimu alitufundisha kwamba "very" ni "sana". "Too" tuliiokota wenyewe, tukaamua kuwa hiyo ni sana ya sikukuu, inayoipita sana ya kila siku. Hakuna aliyetubishia.

Nikiwa darasa la sita, baba ameshatutoka, mama alisikia kwamba masista wa misheni wanatafuta dobi. Sista mkuu alikuwa mzungu. Mama akaniketisha jikoni, akanipa karatasi.

"Niandikie barua ya kuomba kazi, tena kwa lugha yao. Nisifie, mwanangu, usinibanie."

Sikumbania. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote: "My mother is too good for this work." Kwa akili yangu nilikuwa nimesema kwamba kazi hiyo mama anaiweza sana, ile sana ya sikukuu.

Tuliipeleka pamoja.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele, amina."

Sista akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kiswahili alikijua vizuri.

"Mama, binti yako ameandika kwamba wewe ni mtu wa maana mno. Kufua nguo si hadhi yako."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kazi ile ndiyo ilikuwa chakula chetu, nami nimeimwaga kwa neno moja. Mama alinitazama, akamtazama Sista, akakaza kanga yake kiunoni.

"Hajakosea, Sista. Lakini nguo zenu nitazifua."

Sista alicheka mpaka akashika meza. Jumatatu mama akaanza kazi, na kwa mikono yake ile nikasoma mpaka nikawa mwalimu wa Kiingereza.

Siku hizi wajukuu zangu, simu mkononi, kila kitu kwao ni "too much", hata chipsi. Sisi angalau tulikosea kwa barua nzima! Miaka yangu yote darasani nilizikata "too" za watoto wa watu kwa wino mwekundu, bila huruma. Ile moja nisingeigusa. Mama hayupo tena, na ninamkumbuka mno. Leo ningeiandika barua ile vilevile, neno kwa neno, ila safari hii nikijua ninachosema.