Basi la Verlin Lisilojaa Upepo

Nadine Stroud alipopigiwa simu kwamba mwanawe Curtis amelazwa Fresno na ini limekwisha, alifungasha sanduku palepale. Yeye na mumewe Verlin walikuwa wameegesha kwenye jangwa la Arizona, katika basi lenye kitanda na jiko walilolinunua baada ya kuuza nyumba. Asubuhi ya safari wakalikuta limelalia upande wa nyuma kama ng'ombe mgonjwa.

Basi hilo lilikalia mifuko ya mpira iliyojazwa upepo, na breki zake nazo zilikuwa za upepo. Verlin akawasha injini, ikaunguruma mpaka majirani wakafunga madirisha. Mshale wa geji ya upepo ulipanda kidogo ukagoma. Bila upepo breki haziachii, akasema. Fundi? Mafundi wa mjini wezi watupu. Atalitengeneza mwenyewe.

Leo ikawa valvu, kesho bomba, keshokutwa anasubiri kipuri. Curtis naye kwenye simu alikuwa na swali moja tu: baba anakuja? Hawakuwa wamesemezana tangu alipomwambia babake, mbele ya wageni, kwamba pombe alijifunzia nyumbani. Nadine alimjibu kwamba baba anakuja, ila gari linamsumbua.

Siku Verlin alipokwenda dukani, Nadine akamwita jirani yao Harlan Buice, dereva mstaafu wa malori. Harlan alitanguliza magogo chini ya chasisi, maana gari la namna hiyo likishuka ghafla humponda aliye chini, ndipo Nadine akawasha injini. Harlan akapaka povu la sabuni kwenye mifuko na maungio yote. Hapakutoka pumzi hata kidogo. Akajiburuta mpaka kwenye tangi la upepo.

"Shemeji, hebu njoo uone mwenyewe."

Koki ya kutolea maji yanayojikusanya ndani ya tangi ilikuwa imevutwa wazi, upepo wote ukitokea hapo, waya wake umefungwa kwenye chuma kwa kamba mpya ya plastiki. Nadine akaikata kwa mkasi wa jikoni. Mshale ukapanda, na basi likainuka taratibu mpaka likakaa sawa.

Verlin aliporudi alilikuta hivyo.

"Limepona," Nadine akasema. "Twende."

"Siendi."

"Ungesema siku ileile, Verlin. Ningepanda basi la abiria."

"Nilijua ungeniacha."

"Kwa hiyo ukamnyima mtoto mama yake."

Verlin akasema Curtis amejitakia, akaingia ndani akawasha televisheni.

Harlan ndiye aliyempeleka Nadine stendi. Alipofika Fresno, Curtis alikuwa bado anapumua lakini hamtambui mtu. Muuguzi akamwambia kwamba jana yake tu alikuwa akiongea vizuri, hata akimtania.

Verlin alikuja mazikoni na basi lake. Aliliegesha likaziba njia ya makaburini, akawasimulia mashemeji jinsi lilivyopanda milima bila kusumbua. Nadine alimsikia. Verlin alipomfungulia mlango ili warudi, Nadine aliingia, akachukua dawa zake za presha kabatini, akashuka.

Sasa anaishi kwa dada yake hukohuko Fresno, anapika kwenye jiko la shule. Verlin humpigia kila Jumapili. Nadine akiona namba yake, huiacha simu iite mpaka ichoke.